Baba Alipokataa Kuombewa

Baba yangu alikuwa mwinjilisti kwa zaidi ya miaka arobaini, katika kijiji kilichoko ng'ambo ya bwawa la Hombolo, huko ambako barabara inaisha na njia za ng'ombe zinaanza. Hakuwa mchungaji. Mchungaji alikuwa na makanisa saba ya kuzungukia, akifika kwetu mara moja kwa mwezi, na wakati wa mvua hata miezi miwili ilipita bila kumwona. Siku nyingine zote watu walikuwa wa baba. Yeye ndiye aliyezika, aliyefundisha watoto wa kipaimara, aliyeamua ugomvi wa mipaka ya mashamba, aliyesimama mbele kila Jumapili. Jumatatu alishika jembe kwenye uwele kama mtu mwingine yeyote.

Sauti yake ilikuwa nzito, isiyo na haraka. Alipoomba hakupiga kelele. Aliongea na Mungu kama mtu anayeongea na mwenzake anayepalilia naye shamba moja. Nilikua nikiisikia sauti hiyo kabla ya kula na kabla ya kulala, na nilipohamia mjini, nikaajiriwa masjala katika ofisi ya serikali, nikaolewa, nikachaguliwa kuwa msomaji wa maandiko kanisani kwetu Nzuguni, bado kila nilipofumba macho kuomba nilimsikia yeye kwanza. Nilidhani hiyo ndiyo imani. Sikujua kwamba nilikuwa naegemea ukuta wa mtu mwingine.

Ugonjwa ulianzia kwenye chakula. Akina mama wa kanisa la kijijini walinipigia simu wakasema, mwanetu, njoo umwone baba yako, anakula kama anayeogopa chakula. Nilipofika nilimkuta amekonda, suruali imefungwa kwa kamba ya katani. Alisema ugali wa uwele unamkwaruza tu, utapita. Siku hiyo hiyo nilimpandisha gari la kukodi nikaja naye mjini.

Hospitalini walimwingiza kamera kooni. Daktari alikuwa kijana mpole, alitukalisha wote wawili, akasema na baba mwenyewe, siyo na mimi. Alimwambia ni saratani ya koo la chakula, na imeshafika mbali. Wangemwekea mpira tumboni ili alishwe uji mwepesi na maziwa, na wangempa dawa ya maji ya kupunguza maumivu. Zaidi ya hapo, alisema, mzee akapumzike nyumbani. Baba akamshukuru. Akamuuliza daktari kama wazazi wake bado wapo. Tukatoka.

Nikamweka kwenye chumba cha mbele, ambacho dirisha lake linatazama mpapai. Mume wangu anafanya kazi Tabora na huja mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, binti yangu wa miaka saba, na baba. Asingekuwepo jirani yangu, ningeshindwa. Ni mama wa Kirangi kutoka Kondoa, Mwislamu, aliyekuwa mhudumu wa wodi mpaka alipostaafu. Mtaa mzima tunamwita Mama Kondoa. Ndiye aliyenionyesha namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumchubua mgongo, namna ya kusafisha mpira, namna ya kuosha kinywa kisichokula. Kila asubuhi nikienda kazini yeye aliingia.

Kila siku kabla sijatoka nilikuwa nasimama kando ya kitanda, namshika baba mkono na kumwombea. Alikuwa anafumba macho. Mwisho anasema amina. Wiki tatu zilikwenda hivyo.

Jumapili moja asubuhi nilikuwa nimeshavaa kitenge cha kanisa, nimeshika Biblia yangu mkononi, maana siku ile nilikuwa na zamu ya kusoma. Nikamshika mkono. Akauondoa.

"Leo usiniombee," akasema. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kukwaruza, lakini maneno yalisikika vizuri.

"Umechoka, baba? Nitakuja mchana."

"Na mchana usiniombee. Usiniombee tena, mama. Wala usiwaache watu waje waniombee."

Alikuwa akiniita mama tangu nikiwa mdogo, kama akina baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki. Nilidhani dawa imemchanganya. Nikamuuliza kama anajua leo ni siku gani, akanitazama kwa macho makali ya zamani.

"Ni Jumapili. Na wewe unachelewa kusoma. Nenda."

Sikwenda. Nilimwambia siondoki mpaka aniambie nimemkosea nini. Kisha akaanza kunisimulia habari za mdogo wangu.

Hapa lazima nieleze nilichokuwa nakijua mimi. Nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu minne, alipopata degedege mwezi wa nane, wakati wa upepo na vumbi. Mimi siku hiyo nilitumwa kuchunga mbuzi wa bibi yangu upande wa mlimani. Niliporudi nilikuta uani kumejaa watu wamekaa chini, mama amefunikwa kanga kichwani. Niliambiwa kwamba walikuwa wampeleke zahanati kwa mkokoteni wa ng'ombe, lakini tairi lilikutwa na pancha, likachukua muda kuzibwa, na mtoto akafia njiani. Maisha yangu yote nililichukia tairi lile. Nilishawahi kumsimulia mume wangu habari zake, nikalia, naye akalia.

"Hakukuwa na pancha," baba akasema.

Akaniambia hivi. Asubuhi ile jirani alileta mkokoteni mapema, ng'ombe wawili wameshafungwa nira. Mama alikuwa amemweka mtoto mgongoni tayari. Baba akasema, tuombe kwanza. Wakapiga magoti ndani. Na katikati ya kuomba akasikia sauti ikimwambia: ngoja.

"Nilisikia kama ninavyokusikia wewe," akasema. "Sikuota. Sikuwa na homa. Ngoja. Nikajua ni Bwana, na nikajua mtoto atapona palepale, mbele ya watu wote. Nikamwambia mama yako tuendelee kuomba. Jirani akaja mlangoni mara ya kwanza, nikamwambia bado. Akaja mara ya pili. Mara ya tatu jua lilikuwa limefika kichwani, akasema, mwinjilisti, huyu mtoto anabadilika. Ndipo tukatoka. Hatukufika hata kwenye korongo."

Nilisikia kengele ya kanisa letu ikigongwa. Ni kipande cha reli kinachoning'inia kwenye mti, sauti yake hufika mpaka kwetu.

"Mama alijua?" nikamuuliza.

"Alijua tuliomba. Hilo la sauti sikumwambia. Ile habari ya pancha niliitunga kwa ajili yako, naye hakunipinga. Jirani naye alinyamaza mpaka alipokufa. Na mama yako, unajua, mpaka anaingia kaburini alikuwa ananishukuru kwamba mtoto wake alikufa akiombewa. Alikuwa ananishukuru!"

Akakohoa mpaka nikamwinua. Alipotulia akasema taratibu, kama mtu aliyeyasema maneno hayo moyoni mara nyingi.

"Nimekaa na mambo mawili miaka thelathini na moja. Kama ile sauti ilikuwa yake, basi aliniambia ningoje mtoto wangu afe. Kama haikuwa yake, basi mimi siijui sauti yake, na yote niliyowaambia watu kwamba Bwana amesema, sijui nilimsikia nani. Nimejaribu kupata la tatu. Sikulipata."

"Kwa nini hukuacha kazi ya kanisa?"

"Jumapili ilifika, watu wakaja. Nikawafungulia mlango."

"Na ulipokuwa unatuombea sisi? Mimi, kila usiku?"

"Nilisema maneno," akasema. "Maneno niliyajua."

Nikamuuliza kama anaamini kwamba Mungu yupo. Sijui kama binti anapaswa kumuuliza baba yake swali hilo akiwa kitandani, lakini nilimuuliza, na kwa sauti ya juu. Alitazama dari.

"Kama hayupo," akasema, "niliua mtoto kwa sababu ya upepo. Kama yupo..."

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Sikumhurumia siku ile. Nilitoka uani nikaosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Nilimkumbuka mdogo wangu, namna alivyokuwa akinifuata akiwa ameshika ncha ya gauni langu, na nikamwona baba amepiga magoti, ng'ombe wamesimama juani na nira shingoni, na mtu mlangoni akiuliza, twende? Nilimchukia kwa siku nne. Nilimlisha, nilimgeuza, nilimwosha, nikimchukia. Kwenye chuki ile ndipo nilipogundua kwamba siwezi tena kuomba. Kila nilipofumba macho, mahali pale palipokuwa na sauti yake palikuwa kimya.

Siku ya tano nilimpa uji kwa mpira, akanishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama kuni iliyoliwa na mchwa. Nikakaa. Nikamwambia, sawa, baba, sitakuombea wala sitawaruhusu watu. Hiyo ndiyo ahadi niliyompa, na ndiyo iliyonifanya mwongo.

Akina mama wa kanisa letu wakaja Jumatano iliyofuata, kumi na mmoja, wamevaa sare. Niliwasimamisha getini nikasema daktari amekataza wageni kwa sababu ya maambukizi. Kiongozi wao, mama mtu mzima ambaye nampa shikamoo, akanitazama akasema, "Mwanangu, sala haiambukizi." Nikasema ni amri ya daktari. Basi wakasimama palepale nje juani, wakaimba pambio, wakaomba kwa zamu, kila mmoja akimtaja baba kuwa ni mtumishi mwaminifu. Dirisha lilikuwa wazi. Niliporudi ndani nilimkuta amegeukia ukutani, amejigeuza mwenyewe, yeye ambaye alikuwa hawezi kugeuka bila watu wawili.

Mama Kondoa ndiye pekee niliyemweleza. Tulikuwa tunafua mashuka uani. Nilimweleza yote, tangu ng'ombe mpaka getini. Ilikuwa rahisi kwa sababu yeye si wa kanisa letu, maneno yangu yasingerudi kwa mtu. Aliendelea kukamua shuka.

"Nimewaona wengi wakiondoka pale wodini," akasema. "Wa kwenu na wa kwetu. Wapo mashehe waliolia kama watoto. Mimi sikuwahi kumuuliza mtu ana imani kiasi gani. Nilikuwa nauliza kama ameloa."

"Lakini wewe hujawahi kuwa na shaka?"

"Dada, mimi nilizaa sita, nimebaki na wawili." Akaanika shuka. "Nikisikia adhana naenda kutawadha. Hilo ndilo ninaloweza kukuambia. Mengine hayo ni makubwa kwangu."

Wiki ya mwisho baba alikuwa hawezi tena kuongea. Mchungaji wetu wa Nzuguni akafika bila kutoa taarifa, na kibegi chake cheusi cha Ushirika Mtakatifu wa wagonjwa. Akina mama walikuwa wamemwambia kwamba nimewazuia, na nadhani alikuja kuona kulikoni. Kumzuia mchungaji mlangoni sikuweza. Naomba nieleweke: niliogopa. Niliogopa atakachofikiri. Nikamfungulia.

Akavaa stola shingoni. Akatandika kitambaa cheupe kwenye stuli, pembeni ya chupa za dawa. Akasoma, akaomba, baba amefumba macho. Kisha akachovya kijipande cha mkate kwenye kikombe na kukipeleka mdomoni mwa baba.

Baba akafumbua macho. Akamtazama mchungaji, akanitazama mimi. Akafunga midomo. Aliifunga kwa nguvu mpaka taya likatetemeka.

Mchungaji akangoja mkono ukiwa hewani. Tone moja la divai likaangukia kwenye shuka.

"Hawezi kumeza, mchungaji," nikasema. "Hata maji hamezi."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo. Asubuhi ile nilikuwa nimemlowesha ulimi kwa pamba, na alikuwa amefungua kinywa kama kinda la ndege.

Mchungaji akasema anaelewa. Akamgusa paji la uso, akamaliza sala, akakunja kitambaa, akaondoka. Nilipomtazama baba niliona machozi yamemtiririka mpaka masikioni. Mpaka leo sijui yalikuwa ya nini. Nilimfuta. Sikumuuliza, na hata ningemuuliza asingeweza kujibu.

Alikufa siku ya tatu baada ya hapo, alasiri. Mimi nilikuwa upande wa kichwani, Mama Kondoa upande wa miguuni, tunambadilisha shati. Pumzi zilikuwa zimeanza kuachana. Ghafla akainua mkono wa kulia. Aliuinua juu kabisa, kiganja kikiwa wazi kututazama, na akaushikilia hapo kwa muda ambao sikutegemea mtu wa hali ile angeweza. Ndivyo alivyokuwa akiuinua kila mwisho wa ibada, kuwabariki watu kabla hawajatoka kwenda makwao. Kisha mkono ukashuka, na hakuvuta pumzi nyingine.

Nilipiga magoti. Nilisema, umeona? Ametubariki! Umeona, Mama Kondoa?

Alikuwa anamfunga kidevu kwa kitambaa, taratibu, kwa ujuzi. "Nimeona mkono," akasema. "Huwa wanafanya hivyo, dada. Wengine wanatafuta hewa. Wengine wanataka maji." Alipoona namna ninavyomtazama akaongeza, "Lakini mimi sikumjua baba yako akiwa mzima. Wewe ndiye unayemjua."

Ni mimi basi ninayepaswa kujua, na sijui.

Tulimzika kijijini, kando ya mdogo wangu na mama. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pale. Walikuja kwa miguu kutoka vijiji vya mbali, wanawake wakiwa na unga na kuni vichwani, wakisalimiana kwa Kigogo, mbukwenyi, kwa sauti za chini. Mhubiri wa siku hiyo, aliyetoka mjini, alisema kwamba marehemu hakutetereka hata siku moja, kwamba alikwenda kama mtu anayekwenda nyumbani kwake, na kwamba mwanawe aliyemuuguza ni shahidi. Watu wakageuka kunitazama. Nikainamisha kichwa, wakaona ni majonzi.

Niliposimama kutoa neno la familia nilikuwa na karatasi mkononi na sikuisoma. Niliwaambia kwamba baba aliwazikia watoto wao, na kwamba Jumapili ilipofika aliwafungulia mlango. Nikashindwa kuendelea. Wakasema amina.

Baada ya mazishi, watu wakiwa wanakula, mama mmoja mzee sana akaja akajikalisha chini karibu yangu. Nilimpa shikamoo. Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Kigogo, nami naandika nilichoelewa. Alisema binti yake alifariki kwenye uzazi, zamani, na kitoto pia. Wahubiri wawili walifika wakamwambia Mungu ana makusudi, akawafukuza kwa mwiko. Ndipo akaja baba yangu.

"Nikamwambia na wewe omba uondoke," akasema. "Akasema, leo siombi. Leo tukae tu. Akakaa siku tatu. Alilala hapo nje kwenye ngozi. Hakusema neno la Mungu hata moja. Siku ya nne nikamwambia mimi mwenyewe, mwinjilisti, haya, sasa omba."

"Akaomba?"

"Akalia. Mimi ndiye niliyeomba." Akanishika goti. "Kama si yeye, mimi kanisani nisingerudi."

Nilimuuliza ni mwaka gani, nikapiga hesabu kichwani. Ilikuwa baada ya kifo cha mdogo wangu. Lile jambo lililokuwa linamla ndani kwa ndani ndilo lililomkalisha nje ya nyumba ya mama yule siku tatu. Nimejaribu kufurahi kwa ajili hiyo. Kuna siku nafurahi. Halafu nakumbuka kwamba aliyelipia furaha hiyo alikuwa na miaka minne na hakuulizwa.

Nilirudi Nzuguni, nikarudi kazini, nikarudi hata kwenye zamu yangu ya kusoma. Wakati wa Kanuni ya Imani nilisimama na wenzangu, lakini midomo yangu haikufunguka. Hakuna aliyeona, maana wote hutazama mbele. Hali hiyo ilikwenda miezi kadhaa mpaka nikachoka kujificha, nikaenda ofisini kwa mchungaji siku ya kazi, saa ya chakula cha mchana. Nilimwambia nimekuja kutubu. Nilimwambia kwamba siku ile baba alikataa, na kwamba mimi nilidanganya.

Mchungaji alikuwa anamenya chungwa. Akaliweka mezani.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua vipi?"

"Mtu asiyeweza kumeza hufungua mdomo, dada yangu. Anajaribu, anashindwa. Nimewaona wengi. Baba yako aliufunga."

"Mbona hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Nilifika nyumbani nikakaa kwenye gari, sikutaka kuingia ndani. Nilijiuliza, mtu huyu amekaa na kazi hii miaka arobaini, anajua nini ambacho mimi sijui?" Akatazama mikono yake. "Jumapili iliyofuata nilihubiri juu ya uponyaji. Ilikuwa imeshapangwa kwenye ratiba."

Nilingoja aniambie la kufanya. Nilingoja aniambie kwamba baba yuko salama, na nadhani kama angesema ningemwamini kwa nguvu, kama mtu anayeshika kamba. Hakusema. Alinigawia nusu ya chungwa, tukala, na aliponisindikiza mlangoni aliniomba nisiache zamu ya kusoma, kwa kuwa hana mtu mwingine anayesoma polepole.

Mwaka jana, Jumamosi moja, nikiwa kwenye kikao cha akina mama kanisani, Mama Kondoa akanipigia simu kwamba binti yangu amechemka ghafla na anaweweseka. Sikumaliza kumsikiliza. Sikuaga mtu, nikachukua bajaji mpaka nyumbani, nikampakata mtoto, nikamwambia dereva hospitali. Njia nzima sikuomba. Nilikataa kuomba. Kila neno la sala lililonijia nililifukuza kama nzi, nikawa namwambia dereva ongeza mwendo, ongeza. Tulifika, wakamchoma sindano, wakamtoa damu ya vipimo, wakaniambia nikae kwenye benchi. Homa ilianza kushuka nikiwa nimemshika. Ilikuwa malaria, na alipona. Sijui mpaka leo nimshukuru nani, na siku ile sikumshukuru yeyote isipokuwa muuguzi.

Tukiwa bado kwenye benchi, mwanamke mmoja akakaa kando yangu. Alikuwa binti mdogo tu, labda miaka ishirini, amebeba kichanga kilichofungwa kwenye kanga, kinahema haraka haraka, mbavu zikiingia na kutoka. Akakitazama kitenge changu, kile cha sare ya kanisa.

"Shikamoo, mama. Wewe ni mtu wa kanisa?"

"Marahaba," nikasema. Swali sikulijibu.

"Naomba uniombee mtoto wangu."

Nikamuuliza, "Daktari ameshamwona?"

"Ameshamwona. Wamesema tusubiri oksijeni, kuna mwingine anamalizia."

"Wamesema wenyewe msubiri? Wanajua uko hapa?"

"Wanajua, mama. Wamesema wataniita."

Niliinuka hata hivyo, nikaenda dirishani kwa muuguzi kuhakikisha, akanithibitishia kwamba ndiye anayefuata. Nikarudi. Yule binti alikuwa bado ananitazama. Hakuwa na mtu mwingine pale. Nilitaka kumwambia kwamba amekosea mtu, kwamba mimi ni wa mwisho anayepaswa kuombwa jambo hilo. Badala yake nilikishika kile kichanga kiguu, kilikuwa cha moto na kidogo kuliko kidole changu cha gumba, na nikafungua mdomo.

Maneno yalitoka. Yalikuwa maneno ya baba, kwa mwendo wa baba, bila haraka. Sikuhisi chochote. Sikusikia sauti, sikuona nuru, moyo wangu haukupata joto. Niliyasema yote mpaka mwisho kwa sababu binti yule alikuwa amefumba macho na kunishika mkono kwa nguvu, na kwa sababu nilikuwa nayajua.

Akasema amina. Mlango ukafunguka, wakamwita, akaingia mbio na kanga ikiburuzika sakafuni. Mimi nikaitwa upande wa pili kuchukua dawa, na nilipotoka benchi lilikuwa limekaliwa na watu wengine. Niliuliza. Hakuna aliyejua walikopelekwa.

Nilimbeba binti yangu mgongoni mpaka nje, penye jua na vumbi, nikaanza kutafuta bajaji ya kuturudisha nyumbani.